Fungu la Mama Mdogo

Mama alipofariki, sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: kwenye folda ya familia mtandaoni. Mimi ndiye niliyeifungua, kwa sababu ndugu zangu walikuwa na tabia ya kutumiana picha zilezile kila wiki mpaka simu zinagoma. Niliwaeleza kwa uvumilivu ambao kwa kawaida sina. Ukiweka kitu humu, kinatokea kwenye simu za wote. Ukikitoa, kinatoka kwa wote. Wakaitikia. Kwetu kuitikia si kazi, tunaitikia hata mahubiri tuliyoyasinzia.

Humo mlikuwa na picha za harusi, nyimbo za kwaya ya usharika, hati ya shamba la Mahongole, na rekodi moja ya Mama. Nilimrekodi jikoni, nyumbani kwetu Makambako, akipukuchua mahindi. Anaimba wimbo wa Kikinga, wa kwao Makete. Anaimba mstari, ananyamaza, punje zinadondoka kwenye beseni, anaimba mwingine, ananyamaza tena. Mwishoni anauliza, "Hicho kidude bado kinawaka?" na rekodi inakatika. Kifua kilikuwa kinamsumbua miaka hiyo, kwa hiyo nilichukulia kwamba kila mstari ulimchosha akapumzika.

Siku ya kumaliza msiba tuligawana vitu vyake. Nguo zilitandazwa mkekani uani na watu wa ukoo wakaitwa mmoja mmoja. Ukichukua umechukua, kitu hakirudi mkekani, wala mwingine hakiulizii tena. Mimi nilipata sweta la kijivu, lile la kuendea kanisani asubuhi za baridi. Kaka yangu alichukua blanketi, na sikushangaa, maana alikuwa amelikodolea macho tangu mazishi. Ilipofika zamu ya mama mdogo, aliyemfuata Mama kuzaliwa, ambaye alikuwa ametoka kwake upande wa Bulongwa, hakusogea.

"Mimi changu nimeshachukua," alisema.

Wanawake wakasema ni uchungu huo, aachwe. Wifi yangu, ambaye hajui kuacha kitu, akamchomekea kitenge kwenye mkoba. Mama mdogo alipoondoka tulikikuta kimekunjwa vizuri juu ya kiti.

Nilirudi kazini Njombe. Ulipita muda kabla sijapata ujasiri wa kumsikiliza Mama, na Jumapili nilipoupata, rekodi haikuwepo. Kwenye simu haikuwepo, wala kwenye kompyuta ya ofisini. Nilipekua mpaka sehemu ya vilivyofutwa, nako kumeshajisafisha. Folda ilikuwa imefanya kazi yake kama nilivyowaeleza. Nilimpigia kaka nikamfokea kabla hata ya salamu.

"Mimi humo nafungua hati ya shamba tu," alisema. "Ukimaliza kugomba, unipigie tena."

Nilikaa na lile sweta mapajani nikalia. Nalisema kwa sababu msibani sikulia, na watu walilitaja. Nilikuwa nimejiambia kwamba sina haraka ya kulia, kwamba ile sauti ipo, nitaisikia nikitaka. Sasa nilikuwa nimefiwa kweli.

Baadaye ndipo maneno ya mama mdogo yaliponirudia. Nikampigia, nikamuuliza kuhusu wimbo wa Mama.

"Ninao," alisema, bila kushtuka. "Si ndilo fungu langu?"

"Mama mdogo, umeutoa kwa watu wote!"

"Nimeuchukua. Kwani vitu vya marehemu nyie huko mnavichukuaje?"

"Basi nirudishie."

"Fungu la msiba halirudishwi, mwanangu. Utatutafutia mabaya." Kisha mtandao ukakata, au aliukata yeye.

Nilipanda basi la Makete nikiwa na hotuba nzima kichwani. Nilimkuta jikoni, moto unawaka, viazi vimeiva kwenye sufuria. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda na viazi, na hotuba ikaishia hapo. Alipoona nimeshiba akaitoa simu kwenye kitambaa.

"Kulikuwa na sehemu mbili za kubonyeza," alisema. "Kunakili na kuhamisha. Kunakili ndiko kule mtoto anakomwibia mwenzake majibu ya mtihani. Mimi sikutaka kuiba kitu cha dada. Nikahamisha."

Nilimweleza polepole kwamba mambo ya humu si kama nguo, kwamba nikinakili mimi, wa kwake unabaki palepale.

"Unabaki?"

"Unabaki."

"Na wako wewe utakuwa mzima?"

"Mzima kabisa, kama huo."

Alifikiri sana. Akaniuliza ni urithi gani huo ambao watu wanagawana na haupungui, na nikasema sijui, ndivyo ulivyo. Mwishowe akanipa simu. Nilinakili moja kwa moja, simu kwa simu, maana mtandao nilikuwa sijausamehe. Kazi ilipokwisha alinipokonya yake akakagua. Ulikuwepo. Hakuamini macho, akaufungulia.

Mama akaimba mstari wa kwanza akanyamaza. Punje zikadondoka kwenye beseni. Hapo mama mdogo, macho kwenye moto, akaimba mstari wa pili, mstari ambao mimi sikuwahi kuusikia, na alipoumaliza tu Mama akadaka wa tatu. Hakuna aliyemwahi mwenzake wala aliyechelewa. Waliendelea hivyo hadi mwisho, mmoja kwenye simu, mwingine kwenye kigoda.

"Tulikuwa tunauimba tukichuma pareto," alisema. "Yeye anatangulia, mimi naitikia."

Kumbe Mama hakuwa anapumzika. Nilitazama simu yangu, yenye wimbo niliotoka kumhakikishia kwamba ni mzima.

"Hicho kidude bado kinawaka?" Mama aliuliza.

"Kinawaka, dada," mama mdogo akasema.