Hamira ya Tinde

Zuwena binti Hatibu aliosha vyombo vya maabara ya sekondari moja mjini Shinyanga kwa miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo alivunja sahani moja tu. Hiyo moja aliitangaza mwenyewe kabla mtu hajaiulizia. Hilo lisemwe mapema, ili ieleweke ni mwanamke wa namna gani aliyeitwa mwizi wa sukari mbele ya shule nzima mwaka 1983.

Alizaliwa Tinde, kwa mama muuza vitumbua. Kila asubuhi mama huyo, Bi Mwaisha, alipomaliza kukaanga, aliacha upawa mmoja wa rojo mtungini ili uumushe rojo la kesho. Hamira ya dukani hakuijua wala hakuitaka. Zuwena alipoolewa mjini alipewa mkeka, sufuria mbili na kibuyu cha rojo lile. Mume alifariki mapema, sufuria zikatoboka, lakini hamira ikabaki hai. Mshahara wa kuosha vyombo ulikuwa jina tu. Vitumbua ndivyo vilivyomsomesha mwanawe Akida.

Mwalimu wa baiolojia, Ignas, alivionja siku moja, akaiomba hamira yenyewe. Aliitenga na uchafu wake kwa majuma mawili, akaitia katika chupa ndogo yenye kizibo cha pamba, na Zuwena akaifunga shingoni uzi uliochomoka kwenye kanga yake. Kando yake palikaa chupa iliyotoka Dar es Salaam, safi, yenye lebo iliyopigwa taipu. Hiyo ilikuwa na hamira yenye kilema, nayo ilitakiwa darasani kwa sababu ya kilema hicho.

"Mama Akida," Ignas alimweleza, kwani alikuwa kijana asiyeona haya kumfundisha anayeosha vyombo, "ndani ya kila chembe ya hamira mna meko madogo, yanaitwa mitokondria. Chakula kinachomwa humo, nguvu inapatikana. Meko hayo yana jeni zake yenyewe, maagizo ya kuyaendesha. Katika hii ya Dar, jeni moja imeharibika, kwa hiyo meko hayawaki."

"Mbona haijafa?"

"Inaishi kwa kuchachua sukari tu, inaambulia nguvu kidogo. Inadumaa."

"Ukiizidishia sukari je?"

"Hata ukiimwagia gunia."

Zuwena alilishika jambo hilo kuliko wanafunzi wengi walioketi mbele.

Kisha Ignas akaenda masomoni Morogoro kwa miezi mitatu. Wageni wa wilayani wakatarajiwa, na makamu wa mkuu wa shule, Mwalimu Masele, akataka kuwaonyesha hamira inavyostawi. Alipima sukari, akamkabidhi Zuwena apike jeli ya kuoteshea. Jeli ilipoganda sahanini, Masele akanyoosha mkono rafuni. Aliitazama chupa yenye uzi wa kanga, akakunja pua, akachukua ile yenye lebo ya taipu.

"Mwalimu, hiyo siyo..."

"Kazi yako kuosha, mama."

Zuwena akarudi kuosha. Kunyamaza huko kulimuuma kuliko yote yaliyofuata.

Siku ya tatu wageni walifunua sahani wakaona vidoa kama vichwa vya sindano. Masele aliaibika, na mtu mzima akiaibika mbele ya wageni hutafuta pa kuitua aibu yake. Kesho yake, wanafunzi wakiwa mstarini, alitangaza kwamba jeli haikutiwa sukari ya kutosha, kwamba sukari ya serikali imekwenda kwenye vitumbua, na kwamba mhusika yupo hapa hapa. Mwaka huo sukari ilipatikana kwa foleni na kibali, na neno mhujumu lilitosha kumpeleka mtu rumande. Masele akamwekea karatasi ya kukiri kosa. Asipoitia sahihi hadi Ijumaa, atakabidhiwa polisi.

"Shikamoo nakupa kwa cheo chako," Zuwena alimwambia ofisini. "Sahihi hupati. Vitumbua vyangu havijaonja sukari tangu mfungo."

Masele akacheka. "Vilivyokwisha kuliwa vitatoa ushahidi gani?"

"Basi jeli itoe. Ile niliyopika siku ile, nyingine imebaki chupani, haijaguswa."

Waliiyeyusha pamoja, wakaimimina katika sahani moja. Ilipoganda, Zuwena akapiga mstari wa wino katikati, chini ya kioo cha sahani. Upande huu akapaka hamira ya Dar, upande ule hamira ya mama yake. Akamkabidhi Masele sahani.

"Ifungie kabatini mwako, ufunguo utie mfukoni mwako. Kama nimeiba sukari, zote mbili zitadumaa, maana zinakula chungu kimoja."

Ijumaa asubuhi kabati likafunguliwa mbele ya walimu wote. Upande wa Dar vilikuwa vidoa vile vile vya kichwa cha sindano. Upande wa Tinde hamira ilikuwa imeumuka mabonge mabonge, meupe, manene, yakikaribia kugusana. Masele aliigeuza sahani mara mbili, akaiweka chini taratibu.

"Mayu, basi yaishe," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma cha heshima, akaichana ile karatasi.

"Hayajaisha. Uliniita mwizi mstarini. Nisafishe mstarini."

"Mbele ya wanafunzi?"

"Walikuwepo uliponichafua."

Zuwena alisimama mlangoni, mikono kiunoni, mpaka kengele ikagongwa. Masele akatoka, akasimama mbele ya mistari, akasema sukari haikuibwa, na kosa la kuchagua chupa lilikuwa lake. Aliyasema kwa sauti ndogo. Zuwena akapaza sauti kutoka nyuma kwamba huku hawasikii, naye akarudia.

Saa ya chai Zuwena aliingia chumba cha walimu na beseni lake, akampita kila mtu, akaweka kitumbua kimoja mbele ya Masele, kinene, kimeumuka vizuri.

"Kula, mwalimu."

Alikula, kila mtu akimtazama. Kilikuwa cha chumvi.