Cheti cha Kati

Dada yangu Mwaija aliingia eda akiwa na kazi, akatoka hana. Nayasema haya mapema ili mtu asije akamwonea huruma Hamidu.

Kazi yake ilikuwa kutunza programu ya Java katika maabara moja binafsi hapa Bagamoyo. Vituo vya Msata na Lugoba vilipokea majibu ya wagonjwa kupitia programu hiyo, na kompyuta zao zilikataa kuzungumza na seva isiyo na cheti halali cha usalama. Mumewe, Mwinyijuma, alipofariki, bosi wa dada, Abdulwahab, alikuja kuhani, akaahidi mbele ya watu kwamba kiti chake kitamngoja. Mwaija mwenyewe ndiye aliyempendekeza Hamidu, mdogo wa marehemu, amshikie kwa muda.

Katikati ya eda, cheti kikaisha muda wake. Abdulwahab akapiga simu. Mama mkwe wake, Bi Dija, akaitazama simu ya dada ikiita, kisha akaizima na kuifutika kiunoni.

"Mjane hasemi na wanaume wa nje," alisema. "Ana lipi la kuzungumza nao?"

Shehe yeyote angemwambia kwamba jambo la lazima lina ruhusa, lakini Bi Dija hakutaka kumwuliza shehe. Ndipo Hamidu akaja kusimama nyuma ya pazia.

"Shemeji, cheti kipya ninacho. Nifanyeje?"

"Usikiweke peke yake. Kiunganishe na cheti cha kati, kile cha waliotuthibitisha. Na usijaribu kwa simu, jaribu kwa kompyuta ya Msata."

Akaitikia ndiyo, ndiyo. Akaenda kuweka kimoja tu, akaifungua programu kwa simu, ikafunguka, akajipiga kifua ofisini. Msata na Lugoba wakabaki wamekatika vile vile. Wagonjwa wakarudi makwao bila majibu.

Alirudi kwenye pazia lile lile jasho likimtoka. Mimi ningemtukana. Dada alimweleza taratibu kwamba simu inaweza kujitafutia cheti kinachokosekana, ila Java haihangaiki. Ikikosa cha katikati, haimwamini mtu. Akamtajia amri moja moja, naye akiziandika kwenye simu yake. Jioni vituo vikafufuka.

Eda ilipokwisha, Mwaija alioga, akavaa, akaenda kazini. Hamidu alikuwa amekalia kiti chake.

"Bi Mwaija, huyu kijana kaniambia vyeti ulivipanga vibaya tangu mwanzo," Abdulwahab alisema. "Karekebisha peke yake. Nami nilikupigia, ukanizimia simu."

Dada akamgeukia Hamidu, akisubiri aseme neno. Hamidu alikuwa anaangalia kompyuta.

Dada alilia njia nzima ya kurudi nyumbani Dunda, na watu wakampa pole ya mume. Nilimkuta Bi Dija uani anachambua mchele, nikamtolea maneno ambayo mpaka leo siyajutii. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Makelele ya nini?" aliuliza, vidole vyake vikiendelea kutoa chuya. "Mshahara haujatoka nyumbani. Hamidu atamwoa dada yako, atamlisha. Baba yenu kaipokea posa tangu eda haijaisha."