Pembeni mwa Ukurasa wa Thelathini na Moja

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo linalonichoma hadi leo: "Tumevisafisha." Mtaalamu alilitamka kwenye kipaza sauti, akitabasamu, mbele ya watu wa Bukiriro waliovaa nguo za Jumapili siku ya Alhamisi. Alidhani tutapiga makofi. Na wengine walipiga.

Marsiana hakupiga. Yeye ndiye mtunza maktaba yetu, na nikisema maktaba usifikirie jengo la ghorofa. Ni chumba kimoja kilichokuwa stoo ya kahawa, chenye rafu za mbao za mkaratusi na vitabu mia mbili na kumi na viwili. Alikabidhiwa ufunguo akiwa msichana aliyemaliza darasa la saba, enzi za kisomo cha watu wazima, akaambiwa aushike wiki mbili tu mpaka apatikane mtu mwenye cheti. Mtu mwenye cheti hajapatikana mpaka leo, na Marsiana ana wajukuu. Asubuhi analima maharage, saa nane mchana anafungua chumba. Mwaka ambao mvua ya mawe iling'oa bati, alihamishia vitabu chini ya kitanda chake, mumewe akalalamika kwamba sasa hata panya wa nyumba hiyo wameanza kusoma.

Ana sheria moja, na aliitunga mwenyewe. Kitabu cha kilimo, cha mifugo au cha afya, ukikisoma ukaenda kujaribu, siku ya kukirudisha unaandika pembeni mwa ukurasa yaliyokupata, na jina lako. Kwa kalamu ya wino, si penseli. Mkaguzi mmoja aliwahi kumfokea kwamba anaacha mali ya umma iharibiwe. Akamjibu, "Umma ndio huo ulioandika."

Kwa hiyo vitabu vyetu vilikuwa na waandishi wa aina mbili: yule wa mbali aliyeandika katikati, na sisi tuliojazia pembeni. Cha migomba ndicho kilichojaa kuliko vyote. Kilichapwa zamani, kabla mnyauko haujaingia kwenye migomba yetu, na ukikisoma katikati hutakuta hata neno moja juu ya ugonjwa huo. Lakini pembeni mwa ukurasa wa thelathini na moja marehemu Novatus aliandika hivi: "Nilikwenda kumsaidia Niyokwizera kukata migomba. Panga langu lilikuwa limetoka kwenye mgomba mgonjwa, sikulichoma moto. Shamba lake limeisha lote. Ni mimi. Nanyi chomeni panga kwanza."

Mtu mzima, mwenye heshima zake, aandike hivyo mahali ambapo jirani atasoma! Na Niyokwizera alisoma. Alikaa miezi miwili hamsalimii, halafu akaja akachukua kalamu, akaandika chini yake neno moja: "Nimeona." Wakaanza kusalimiana tena. Migomba yangu imesimama mpaka leo kwa sababu ya mistari ile, sioni aibu kusema.

Mradi ulipokuja, Marsiana aliufurahia kuliko sisi sote. Walisema vitabu vitaingizwa kwenye mashine, visomwe kwenye vishikwambi na simu, hata mtu wa Nyabusozi kule Biharamulo asome cha Bukiriro bila kupanda basi. Alivipanga mwenyewe kwenye maboksi, akivifuta vumbi kwa khanga yake. Alimwambia yule mtaalamu niliyeanza naye, Juvenali, "Hiki cha migomba kiweke juu, kisije kikalowa." Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulipona kweli!

Miezi mitano baadaye wakarudi na vishikwambi sita na paneli ya sola. Kukawa na hotuba, picha, soda. Marsiana alipopewa kishikwambi hakuitazama kamera. Alitafuta kitabu cha migomba, akapekua kwa kidole mpaka ukurasa wa thelathini na moja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Pembeni palikuwa peupe kama sahani ambayo hakuna aliyeilia.

"Maandishi yako wapi?" akauliza.

"Yapi, bibi?"

"Ya watu."

"Ahaa, yale ya kuchorachora!" Hapo ndipo Juvenali alipokisogelea kipaza sauti ili wote tusikie. "Tumevisafisha, bibi. Mashine yetu hailishwi kitabu kizima. Tulikata migongo na pembeni zote, karatasi zikaingia vizuri kabisa."

"Hizo pembeni mlizokata ziko wapi?"

"Zilichomwa, bibi. Zilikuwa takataka tu."

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mtu amesoma mpaka chuo kikuu, amepewa kazi ya kufikisha vitabu kwa watu, anakata watu anabakiza vitabu! Na angeuliza. Swali moja tu, mle mle chumbani, kabla ya kupakia boksi la kwanza, angejibiwa hata na mtoto. Lakini watu wa namna hii hawaulizi, wanakuja wanajua. Sasa mnyauko ukirudi, nani atakumbuka habari ya panga? Novatus yuko kaburini na Niyokwizera hasikii vizuri tena.

Ilibaki fomu ya makabidhiano. Bila sahihi ya mtunza maktaba mradi haujakabidhiwa, na gari lilikuwa linaunguruma nje, tayari kurudi Ngara mjini. Juvenali akamwonyesha mstari kwa kidole. Marsiana akavaa miwani, akaigeuza fomu upande, akaanza kuandika pembeni. Aliandika taratibu, dereva akapiga honi mara mbili, hakuinua kichwa. Nilisomea begani kwake. Yalikuwa maneno ya Novatus, yote, kutoka kichwani, mpaka "Ni mimi," mpaka panga na moto. Chini yake akaandika "Nimeona" ya Niyokwizera. Mwisho kabisa, kwenye nafasi iliyobaki pale pale pembeni, akaweka tarehe na sahihi yake.

"Bibi, sahihi inawekwa hapa kwenye mstari," Juvenali akasema. "Na hii fomu nayo itaingia kwenye mashine."

"Sahihi yangu ndiyo hiyo, nyingine sina," Marsiana akamwambia, akamkabidhi karatasi yake. "Sasa kaisafishe."