Saa za Peke Yake

Gozbert wa Kamachumu aliacha jeshi akiwa na buti, begi la kijani, na cheo ambacho jeshi halikumpa: Kapteni. Huku Muleba cheo hakiulizwi kilikotoka, mradi mwenyewe akivae kwa kujiamini. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilidumu miaka kumi na miwili, kikombe cha rubisi, pombe ya ndizi, mkononi, akisimulia alivyoruka na ndege peke yake juu ya ziwa katikati ya dhoruba. Mke wake, Annastella, aliitwa Mke wa Kapteni hata kwenye mnada wa mavuno kanisani, naye shingo ikarefuka.

Kilichomponza ni tamaa. Alisikia kwamba saa ulizoruka jeshini huhesabiwa, ukafanya mtihani, ukapewa leseni ya rubani binafsi. Akaomba. Mamlaka ya usafiri wa anga ikajibu haraka kuliko alivyotaka: alete nakala ya daftari lake la saa za kuruka, iliyothibitishwa na wakili.

Akaenda Bukoba kwa wakili Mwesiga. Mtu wa nyumbani, alijiambia, atagonga muhuri bila kusoma.

Mwesiga akasoma kila ukurasa. Saa na mwalimu: arobaini na moja. Saa za peke yake: hakuna. Chini, mwandiko wa mwalimu: “Ameamriwa aruke peke yake mara tatu, amekataa mara tatu. Ahamishiwe stoo.”

Mwesiga hakucheka. Heri angecheka. Aligonga muhuri kwamba nakala ni sahihi, akamrudishia kwa mikono miwili.

“Waitu Kapteni,” akasema kwa heshima ya Kihaya, “ile dhoruba ilikukuta stoo?”

Gozbert alirudi Kamachumu uso ukimwaka kwa aibu. Akamkuta Annastella akimenya ndizi, akamweleza yote: woga, stoo, mwandiko wa mwalimu. Kwa mara ya kwanza alijisikia mwepesi.

“Jumapili nitasimama kanisani niwaambie ukweli,” alisema. “Nimechoka.”

Annastella akaweka kisu chini.

“Uchoke wewe! Ndege uliogopa mwenyewe, mimi sikuwepo. Nikishuka cheo pale kanisani, nitaitwa nani? Mke wa Stoo?”

Jumapili mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Gozbert akanyanyuka, akakohoa, watu wakageuka kumtazama.

“Kapteni, karibu,” mchungaji akasema.

Annastella akamkanyaga mguu. Gozbert akawasalimu washarika kwa jina la Bwana, akaketi.