Mguu wa Kafedha

Pale Mjambere, mtaa wa Kisauni, watu husema mguu wa Kafedha unashinda redio. Akiutia majini akatulia kidogo, atakuambia kama mvua imenyesha huko bara, hata kama hapa Kisauni jua linachoma utosi. Watu humtania kwa hilo. Yeye hacheki.

Kazi yake ni kutanda, yaani kuvua kamba kwa leso horini, pale mkono wa bahari unapoingia kwenye mikoko. Kutanda ni kazi ya wanawake wawili. Leso mbili hushonwa pamoja, kila mmoja akashika pembe zake, wakaikokota majini polepole na kuiinua kwa mpigo mmoja. Mmoja hukaa upande wa kilindi. Mwenziwe hukaa upande wa juu, karibu na kijito kinachomwagika horini, na huyo ndiye mwenye kupima maji kwa mguu. Siku za jua maji huwa vuguvugu na kamba hujizika topeni. Utatanda mpaka kiuno kikatike, upate kitoweo cha paka. Mvua ikinyesha bara, kijito hushusha maji baridi yasiyo na chumvi, na kamba huyakimbia kuelekea baharini kwa mafungu. Leso hujaa. Lakini nyuma ya baridi ile hufuata mkondo wenyewe, na tope lake na magogo yake. Kwa hiyo aliye juu akihisi baridi husema, "Tutoke," na hakuna anayeuliza kwa nini.

Miaka sita iliyopita Kafedha alihisi baridi akanyamaza.

Upande wa kilindi alikuwa Dama, wifi yake. Walikuwa wamehangaika tangu alfajiri bila kitu, mara leso ikaanza kurukaruka kwa kamba wanene kama vidole gumba. Dama alikuwa akicheka. Kafedha akajiambia, mara moja tu, kisha nitasema. Mkondo ulipofika, leso ilimponyoka Kafedha mkononi. Dama hakuachia upande wake. Walimpata kesho yake kwenye mikoko, leso imemzonga kiunoni.

Matangani mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Kafedha aliitikia amina na waombolezaji wengine, na aibu ya ile amina haijamtoka. Tangu siku hiyo mguu wake wa kushoto ni baridi, kutoka kifundo hadi nusu ya muundi, kimo kile kile cha maji ya siku ile. Aukaribishe motoni, autie kwenye beseni la maji moto, ni baridi tu. Wairimu, jirani yake aliyetoka Nyeri, alisema ni baridi yabisi akamletea dawa ya kuchua. Kafedha alijichua ili asimvunje moyo. Akifua leso peke yake uani, wakati mwingine huhisi upande wa pili ukivutwa taratibu. Hageuki kutazama.

Tangu kifo kile alikuwa ameacha kutanda kabisa, hadi majuzi Nyevu, binti wa Dama, alipokuja kuomba kushika upande wa mama yake. Kafedha alikataa mara tatu. Mara ya nne Nyevu akasema basi atakwenda na mwingine yeyote, na hapo shangazi yake akaishiwa ujanja.

Waliingia horini saa nne asubuhi, mbingu nyeupe kwa jua. Kwa muda mrefu waliambulia kamba watano. Kisha leso ikawa nzito, ikaanza kurukaruka, na Nyevu akacheka kicheko kile kile cha mama yake. Kafedha akausikiliza mguu. Ulikuwa baridi. Lakini ulikuwa baridi jana pia, na juzi, na hata kitandani. Hakujua tena baridi ipi ni ya maji na ipi ni ya Dama.

"Tutoke," akasema.

Nyevu akatoka, maana ndiyo desturi. Walikaa ukingoni wakingoja. Hori lilitulia vile vile. Mkondo haukuja, kamba walikuwa wameshatawanyika. Baadaye Nyevu aliteremka, akatia mguu wake pale kijito kinapoingia, akasimama hapo kwa muda.

"Maji ni ya moto, shangazi. Mbona umetutoa?"

Kafedha aliogopa kuliko alivyouogopa mkondo. Hata hivyo alisema.

"Siku ile yalikuwa baridi, mwanangu. Nilijua. Nilitaka kuinua mara moja zaidi, ndipo nimwambie mamako."

Nyevu hakulia wala hakumtukana. Aliikamua leso peke yake, akaikunja, akaiweka kichwani. Wakapanda njia ya nyumbani, yeye mbele. Walipofika mlangoni pa Kafedha ndipo alipogeuka.

"Kesho upande wa juu nitashika mimi," alisema. "Wewe utashika wa mama."

Kafedha alimtazama usoni, asione humo dalili kama atasamehewa au la.

"Haya, mwanangu," akajibu.