Meseji Zilizojaa Kwenye Laini ya Mama

Simu zilipoanza kupanda milimani kwetu Mamba, hazikupanda kwa kila mtu. Wengi tulipata laini tu. Simu yenyewe ilikuwa moja, ya baba mdogo, na ukoo mzima tuliitegemea hiyohiyo. Kila mtu akaitunza laini yake anavyojua. Mama aliifunga kwenye pindo la kanga pamoja na ugoro, nikimwambia ugoro utaiharibu ananiuliza tangu lini ugoro ukaharibu kitu.

Kila siku ya gulio, soko letu la kila wiki, tulipanda hadi juu ya mashamba ya tangawizi, kwa sababu mtandao ulishika pale tu. Baba mdogo anafungua mfuniko, anatoa betri, anachomeka laini ya huyu, akimaliza anachomeka ya yule. Mimi ndiye nilikuwa msomaji wao, maana nilikuwa nimekaa kidogo Same mjini, na kwao mtu aliyekaa Same anajua kila kitu. Maswali yakawa yangu. Mbona vile vimistari vya mtandao vinapungua ukiingia mgombani? Ukitoa laini, meseji zinabaki ndani ya simu au zinaondoka na laini? Kuna shangazi alitaka kujua kama mtu akikupigia wakati laini yako iko kwenye kanga, huko kwake anasikia nini. Nilijibu nilichojua, nisichojua nikawaambia sijui, wakanichukia kidogo.

Meseji za mama zilikaa kwenye laini, na zote zilitoka kwa kaka yangu. Kaka alikuwa tambarare, anakata mkonge. Shamba lile lilikuwa limeuzwa kwa tajiri mpya, wenzake wengi wakapunguzwa, na aliyebaki akabebeshwa kazi ya aliyeondoka. Hakuwa na simu, alituma kwa simu ya mwenzake wa chumba kimoja. Meseji zenyewe hazikuwa na kitu: mama shikamoo, huku jua kali, mbuzi amezaa? Mama hakujua kusoma. Kila gulio nilimsomea zote, kuanzia ya kwanza, halafu ananitajia jibu na mimi naandika. Hakuna gulio aliloacha kumjibu, hata kama jibu ni marahaba tu.

Gulio moja kibahasha kikaanza kupepesa juu ya kioo. Nikajua kilichotokea, nilishaona Same: laini imejaa, na meseji mpya haiwezi kuingia mpaka ya zamani ifutwe. Nikamweleza mama. Akakataa katakata. Nyumbani kwetu mtu akisafiri, chumba alicholala hakifagiwi mpaka isikike kwamba amefika, na mama ndiye aliyeishika desturi hiyo kuliko wote. Kufuta maneno ya mtoto aliye mbali aliona ni kulekule kufagia, tena kubaya zaidi.

Tulibishana mbele za watu. Mimi nina hasira za karibu, sikuzificha. Nikamwambia kuna kitu kinagonga mlango na wewe umekalia komeo. Akasema kama ni cha maana kitasubiri, si mwenyewe nilimfundisha kwamba meseji inasubiri? Ni kweli, nilimfundisha hivyo. Baba mdogo akaninong'oneza nifute moja kimyakimya, huyu mama atajuaje. Sikuweza. Alizijua zote kwa moyo, angejua. Akachukua laini yake, akaifunga bila kunitajia jibu, tukateremka tumenuniana, na makande ya siku ile tulikula kila mtu amegeukia kwake.

Wiki ile mama hakulala vizuri. Gulio lililofuata alitangulia kilimani kabla yetu. Kibahasha kilikuwa bado kinapepesa. Akaniambia nimsomee zote, polepole, nikasoma. Nilipomaliza akasema, "Futa hiyo ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe ameshauzwa."

Nikafuta. Tukasubiri kidogo, simu ikatetemeka mkononi mwangu.

"Mama naumwa. Miguu haina nguvu. Huku sina wa kuniuguza, njoo unirudishe nyumbani."

Juu yake palikuwa na tarehe. Ilitumwa kabla ya lile gulio tulilogombana. Niliisoma tarehe moyoni, sikuitamka. Mama akasema niandike kwamba anakuja, nikaandika, nikatuma, na tuliondoka palepale. Tuliteremka hadi Same juu ya magunia ya tangawizi, kutoka hapo tukapata lori la kuelekea shambani. Mama alibeba blanketi. Njia nzima alipanga atakavyomlaza, upande upi wa moto, na nani atamchinjia kuku.

Kambini alitupokea yule mwenzake, kijana wa kutoka Kigoma. Alipomwamkia mama alishindwa kumtazama, nami nikajua. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamemzika kaka juzi, nyuma ya mabanda. Kijana alisema alituma meseji nyingine baada ya ile, na nyingine tena, hazikutufikia. Alipiga sana, akaambiwa namba haipatikani. Hiyo yetu ya kwamba tunakuja aliipata, akashindwa amjibu nini mzazi wa mtu.

Mama akamuuliza kama alimweleza mgonjwa kwamba huenda simu ya kwetu ina tatizo.

"Nilimwambia, mama. Nilimwambia kila siku. Hakuniamini. Alisema mama yangu hajawahi kuacha kunijibu, ukiona amenyamaza basi amenichoka."

Mimi nilitaka kumpiga yule kijana kwa kusema ukweli. Mama aliketi chini, blanketi mapajani, akaanza kuongea na kaka kama yuko hapo mbele yake, sauti ya kawaida kabisa, akimuuliza, nimekuchoka lini, baba? Nimekuchoka lini mimi?