Maneno ya Shemeji Niliyoyageuza Mbele ya Nyati

Nimekosa. Nalisema kabla ya yote, usije ukanihurumia ukiwa hujasikia. Shemeji yangu ametobolewa tumbo na nyati, lakini aliyemuua ni mimi, tena kwa ulimi huu huu.

Jina langu nalificha kwa ajili ya wanangu tu. Huku mlimani kila mtu analijua, na wengine hutema mate wakilitaja.

Mimi ni Mmeru, kwetu ni juu ya mto Usa. Kusoma na kuandika nilifundishwa misheni. Nikapata kazi kwa Mdachi mmoja mwindaji, kazi ya kumpimia pembe kwa macho. Ndiyo, kwa macho! Mzungu yule hakutafuta nyama. Alitaka pembe za kutundika ukutani kwao Ulaya, na dume mwenye pembe fupi hakumtaka kabisa.

Nyati hupimwa kwa masikio. Akiyatandaza, ncha hata ncha ni karibu mikono miwili. Basi unaangalia pembe zimeyapita masikio kwa kiasi gani. Zikipita shibiri nzima kila upande, huyo ni dume wa kusimuliwa. Lakini ole wako asipoyatandaza! Akiyalaza nyuma, hata pembe za hovyo huonekana pana. Wengi hudanganyika hapo.

Saning'o hakudanganyika. Huyo ndiye shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Mwarusha wa Ngarenaro. Nilimwingiza kazini mwenyewe, mke wangu aliponiomba. Kiswahili hakukijua. Alisema kwa Kimasai, mimi nikageuza kwa Kiswahili, na nyapara wetu, mtu wa pwani, akampa Bwana kwa Kidachi.

Haikupita muda Saning'o akanizidi. Mara tatu tulitofautiana, na mara zote tatu kamba ya kupimia ikampa haki yeye. Bwana akaanza kunipita kama mti. "Yule mrefu anasemaje?" Ndivyo alivyouliza kila siku. Yule mrefu anasemaje! Jamani, neno lile lilinichoma. Nilikuwa mtu wa mbele, sasa nimekuwa mdomo wa mtu mwingine.

Asubuhi moja, chini ya msitu wa Ngurdoto, tukamkuta dume amesimama kwenye matete, uso umetuelekea. Bwana akapiga goti. Akauliza swali lake lile lile.

Saning'o akaninong'oneza, "Masikio ameyalaza. Pembe zake ni fupi. Mwacheni aende."

Nami niliona hivyo hivyo. Naapa niliona! Nikamgeukia nyapara.

"Anasema hajapata kuona pembe kubwa kama hizi."

"Na wewe?" nyapara akaniuliza.

"Mimi sina hakika. Lakini yeye anaapa."

Kwa nini? Nilitaka aaibike, basi. Arudi Ngarenaro akachunge ng'ombe, niachiwe nafasi yangu. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Bunduki ikalia mara mbili, dume akaanguka. Bwana akapima. Akapima tena. Pembe zilikuwa zimeyapita masikio kwa vidole viwili tu. Akakipiga teke kile kichwa, uso mwekundu, akamwambia nyapara maneno machache.

Nyapara akayageuza. "Huyo mrefu, hamsa ishirini."

Aliyeishi siku zile za Mdachi hahitaji kuelezwa. Viboko ishirini na tano vya ngozi ya kiboko! Wapagazi wanne wakamkamata Saning'o, wakamlaza kifudifudi palepale, karibu na damu ya nyati.

Hakupigana. Aliinua kichwa akanitafuta mimi. "Wanasema nimefanya nini?"

Neno moja la kweli lingemwokoa. Nyapara alikuwa hatua tatu kutoka kwangu! Nikamjibu shemeji yangu, "Wamekasirika tu. Nimekuombea, hawasikii."

Cha kwanza kilipasua ngozi. Kufika cha kumi nyama ilikuwa nje, na anayepiga anajifuta damu machoni. Cha kumi na tano Saning'o akajinyea. Hakulia hata mara moja, alikuwa anauma majani. Mimi nilisimama nikihesabu, kana kwamba ni kazi niliyopewa.

Siku ya tatu Bwana akataka dume mwingine. Akaamuru yule mwongo atangulie mbele. Mgongo wa Saning'o ulikuwa umevimba na kutoa maji, na mikono haipandi juu ya mabega. Nilimfunga majani ya mgomba, akaniambia asante. Asante! Mimi!

Tukaingia kichakani karibu na maziwa ya Momela. Hatukuwa tumefika mbali Saning'o akapiga kelele kwa Kimasai, "Rudini! Yuko hapa!" Nani aliyeelewa? Mimi peke yangu. Nikakimbia, nikapanda mti wa kwanza niliouona. Sikumgeuzia mtu hata neno moja.

Niliyaona yote kutoka juu. Nyati alitoka matawini kama jiwe lililoporomoka mlimani. Saning'o alijaribu kuinua mkuki, mkono ukakataa ukiwa kifuani. Pembe ikaingia tumboni ikatokea ubavuni. Akarushwa, akadakwa, akarushwa tena. Mpagazi mmoja aliyekuwa nyuma yake akakanyagwa mguu ukavunjika. Bwana alipiga risasi nne ndipo mnyama akalala.

Niliposhuka, matumbo ya shemeji yangu yalikuwa kwenye majani. Nikayakusanya kwa mikono, nikayarudisha, yakatoka tena. Alikuwa bado anapumua.

"Mwambie dada yangu ulinitetea," akasema.

Ndiyo maneno yake ya mwisho.

Nilimpelekea mke wangu salamu ile kama ilivyo. Nililipeleka sawasawa neno lile moja tu, na ndilo lililokuwa uongo! Alilia, kisha akanishika miguu. Tangu siku ile akanipa nyama nzuri kuliko zote, akawaambia watoto baba yenu alisimama mbele ya Mzungu kwa ajili ya mjomba wenu. Nilivumilia mwezi mzima. Siku moja mchana, anamenya ndizi, nikamwambia yote.

Aliweka kisu chini, akambeba mtoto wetu mdogo, akaenda kwao kwa miguu.

Rika la Saning'o walinifuata kesho yake. Rungu la kwanza lilivunja taya. La pili, bega. Walinikokota mpaka Ngarenaro kwa baba mkwe, meno yangu yakabaki njiani. Mmoja akainua mkuki. Mke wangu akasimama kati yetu.

"Msimuue," akasema. "Kaka yangu alisema nini siku ile mbele ya nyati? Nataka kuyasikia maneno yake, na mama ayasikie."

Basi nikayasema, kwa taya iliyovunjika, mbele ya mama yake Saning'o. Masikio ameyalaza. Pembe zake ni fupi. Mwacheni aende. Yule mama alinitaka nirudie, maana sikueleweka. Nikarudia. Akataka tena.

Mke wangu hakurudi. Taya iliunga upande, nikiongea watoto wa watu hucheka.

Wewe unayesoma, pengine umewekwa kati ya watu wawili wasioelewana, barazani, shambani, au mbele ya mkubwa. Peleka neno kama ulivyolipewa, hata kama linamwinua mwenzako likakushusha wewe. Ukishindwa, nyamaza. Wivu niliokuwa nao mimi ulikuwa mdogo, nilidhani utaishia kwenye aibu ya siku moja. Nimemzika shemeji yangu tumbo likiwa wazi, naye alikufa ananishukuru.